Mlio Mmoja Kutoka Bujumbura

Niliondoka Kawangware kwa sababu ya nguzo. Mimi na wenzangu tuna kikundi cha kusambaza intaneti mtaani Kongo, humo humo Kawangware jijini Nairobi, na tawi dogo Kibera, upande wa Olympic. Tunainunua kwa jumla, tunaivuta kwa nyaya juu ya mapaa, tunaigawa nyumba kwa nyumba. Kazi yetu si nadhifu. Ukitazama juu pale Kongo utadhani kuna buibui aliyelewa. Lakini wanafunzi wanasoma, mama wa mitumba anatangaza nguo zake, na mvua ikikata waya ni mimi ninayepanda kuuunga. Mwaka huu kampuni kubwa ilianza kusimamisha nguzo zake hadi karibu na mlango wetu, kisha ikamtuma kijana mwenye viatu safi atuulize kama tungependa kuuza mtandao wetu.

Mwenyekiti wetu Kariuki, ambaye ni mwenye ploti, nyumba za kupangisha, na baba yake pia alikuwa mwenye ploti, alitaka tuuze siku hiyo hiyo. Wengine tukagoma. Mabishano yakachukua mikutano mitatu, mpaka mmoja wetu akauliza mbona tusiende kuona wenzetu wa nchi ndogo wamefanyaje. Tulikuwa na rafiki Kigali, naye ana mtu wake Bujumbura. Ikabaki kuchagua wa kwenda.

"Mutiso aende," Kariuki akasema. "Yeye hana mtu wa kumngoja kwa nyumba."

Hakukusudia ubaya. Ilikuwa kweli tu, na kweli ya namna hiyo huuma zaidi ikitoka kinywani mwa mwingine.

Mke wangu Kalekye alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu siku hiyo napika kwa sufuria ndogo. Binti yetu wa pekee, Mwende, anafundisha chekechea huko Olympic na amepanga chumba Ayany, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwangu kama huna haraka. Siku mama yake alipozidiwa, nilikuwa juu ya paa la ghorofa Kibera, simu nimeiacha chini ndani ya mfuko wa vifaa. Mwende alipiga, akapiga, akapiga. Niliposhuka nikaosha mikono, nikanywa chai kwanza. Nilipokuja kuitazama simu, Kalekye alikuwa ameshaondoka. Mwende hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tulizika kwetu Kitui, tukarudi mjini, na mazungumzo kati yetu yakaisha. Kilichobaki ni flashi.

Flashi ni desturi tuliyoanza tukiwa hatuna kitu. Unapiga, simu ya mwenzako inalia mara moja, unakata kabla hajashika, na kredo yako, salio la simu, haiguswi. Kalekye ndiye aliyetunga sheria za nyumba yetu: mlio mmoja, nimefika, miwili, weka chai, mitatu, njoo mbio. Basi kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, nampigia Mwende mlio mmoja, naye ananirudishia mmoja. Mimi niko. Na mimi niko. Kwa miaka miwili hatukuwahi kukosa jioni hata moja, na sikumbuki siku tuliyozungumza zaidi ya dakika tano.

Mtu atauliza, fundi wa intaneti na flashi wapi na wapi? Mganga hajigangi. Simu za kioo zimeniangukia kutoka mapaa matatu tofauti, nikarudi kwa kabambe, simu ndogo ya vitufe na tochi. Hata hiyo imeanguka, tundu moja la laini likafa, likabaki moja. Ila hilo halinizuii kuwashauri wengine. Ukutani kwangu, juu ya meza, kuna karatasi niliyoandika kwa kalamu nene, nikaitolea nakala na kuwagawia wateja wote wa Kongo: namna ya kubadilisha neno la siri, namna ya kuzima mashine radi inapopiga, namna ya kujikinga na matapeli wa simu. Kwa ajili ya karatasi hiyo watu huniita Mwalimu, nami sijawahi kuwakataza.

Jumapili, siku moja kabla ya kuondoka, nilikwenda Ayany kumuaga Mwende. Nilimkuta akipiga nguo pasi.

"Sasa, Baba," akasema bila kuinua kichwa.

"Naenda Rwanda, halafu Burundi. Wiki mbili hivi. Mambo ya kikundi."

"Na hizo magoti zako?"

"Zinaenda na mimi."

Nilidhani atacheka. Akageuza sketi, akaipiga pasi upande wa pili. "Kila mahali ukifika, niflashie. Si kesho yake. Ukifika tu."

"Sawa."

"Baba, niko serious. Nikikaa bila kuskia kitu nitajua ni ile maneno ya Mama tena. Na mara hii sitapiga mara ishirini."

Nikamwambia ahadi ni deni. Nikarudi Kongo nikatia nguo mbili ndani ya begi, na Biblia ya Kalekye, ambayo siisomi sana lakini siwezi kuiacha.

Jumatatu asubuhi niliondoka kwa basi la Kampala na Kigali. Njia hiyo wengi wanaijua, sitaieleza. Jioni tulikuwa Busia, kwenye foleni ya mihuri. Saa kumi na mbili na nusu nikaiwasha kabambe, nikampigia Mwende mlio mmoja nikakata. Kabla sijaifikia meza ya afisa, simu ikatetemeka mara moja mkononi, ikanyamaza. Nilivuka mpaka nikiwa na moyo mwepesi.

Upande wa pili laini yangu ikapoteza mtandao. Kuna utaratibu wa kuiwezesha kutumika nje ya nchi, mimi mwenyewe huwafanyia watu, na yangu sikuifanyia. Sikujali. Sisi wa Kawangware tunabadilisha laini kama soksi: hii ya bando, hii ya kupiga, hii ya watu tusiotaka wajue ile nyingine. Nitanunua ya huko, nikajiambia. Nikaitoa ya Kenya, nikaifunga kwa karatasi ya peremende, nikaitia katikati ya Zaburi.

Jumanne alasiri tuliingia Kigali. Innocent alinipokea pale stendi ya Nyabugogo. Huyu ni Mnyarwanda aliyeishi Olympic miaka mingi na kuvuta nyaya nami juu ya mapaa ya Kibera, mpaka aliporudi kwao kuoa. Amenenepa, lakini mdomo ni ule ule.

"Niaje, fundi! Bado unaning'inia kwa mabati za watu?"

"Bado. Na wewe unaning'inia wapi?"

"Huku hatuning'inii. Huku tunachimba."

Aliniongoza kununua laini. Wakaandika pasipoti yangu, wakanipiga picha, laini ikawaka. Kigali iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja, kwa hiyo nilipiga hesabu vizuri. Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima vya Kimisagara nilipokaa kwenye kizingiti cha nyumba ya Innocent na kumpigia Mwende mlio mmoja. Nikakata. Nikaiweka simu juu ya goti, nikangoja. Mke wa Innocent akaleta chai, nikainywa, ikaisha. Simu haikutetemeka. Labda anaoga, nikasema. Labda yuko kanisani, ingawa ilikuwa Jumanne.

Siku tatu zilizofuata nilizunguka na Innocent. Nilikuwa nimekuja na kiburi cha Nairobi, nikidhani nitaona watu wanaojaribu kutufikia. Siku ya kwanza alifunua mfuniko wa zege kando ya barabara, akanionyesha mabomba ya rangi yaliyolala pamoja.

"Mtaro ni mmoja," akasema. "Kampuni zote zinapita humu. Anayekuja baadaye hachimbi tena, anapitisha yake."

Akanieleza kwamba intaneti ya kasi ya simu nayo ilianza hivyo: mtandao mmoja ulijengwa, kampuni zote zikauza kutoka huo. Siku hizi zimeruhusiwa kujenga mitandao yao, na ushindani umechangamka. Nikamuuliza ipi ni njia bora. Akasema ile ya kwanza ilifikisha waya mbali, hii ya pili inafikisha mteja. Nikaandika kwenye daftari.

Si kwamba yote yalikuwa asali. Nyuma ya barabara nzuri tulimtembelea bibi mmoja ambaye mtaro unapita mbele ya mlango wake, naye ana simu kama yangu, ya tochi. Mjukuu wake yuko mbali, na akitaka kumwona usoni humngoja jirani arudi kazini na simu ya kioo. Nilimwangalia bibi huyo akiifuta simu yake kwa kanga, nikaona haya ya kumwandika daftarini kama mfano. Nilimwandika hata hivyo.

Kila jioni nilirudi kwenye kizingiti. Jumatano, mlio mmoja. Alhamisi, mlio mmoja. Ijumaa vilevile. Kimya. Nilijaribu pia kumpigia Kariuki nimpe habari za awali, naye hakushika, nikasema huyo ni kawaida yake, hushika simu ya mpangaji tu. Lakini Mwende? Ijumaa nilikaa hapo mpaka Innocent akanijia.

"Fundi, uko sawa kweli?"

"Niko sawa."

Sikuwa sawa. Mtu anaweza kuwa mpweke nyumbani kwake na akazoea, maana anajua kila chombo kilipo. Upweke wa ugenini ni mwingine. Watu wa nyumba ile walinikirimu, watoto walinisalimia kwa mikono miwili, nami nilikuwa nikitabasamu nikiwa na jiwe kifuani.

Jumamosi alfajiri niliondoka kwenda Burundi. Njia ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa, ikabidi kuzunguka kupitia Tanzania. Rusumo tulivuka daraja kwa miguu, maji ya Akagera yakinguruma chini yetu, rangi ya chai ya maziwa. Kutoka hapo tukapita Ngara hadi mpaka wa Kobero. Upande wa Burundi gari letu likakosa mafuta, nasi tukalala Muyinga. Laini ya Rwanda ilikuwa haina mtandao na maduka ya laini yalikuwa yamefungwa. Saa kumi na mbili na nusu ya Nairobi ikapita nikiwa nimeshika simu isiyoweza kumfikia mtu yeyote duniani. Ilikuwa jioni yangu ya kwanza kukosa tangu tulipomzika Kalekye. Nilisema sala fupi, nikalala na viatu.

Jumapili mchana nilifika Bujumbura. Mtu wa Innocent ni Bi Zaituni, mjane wa Buyenzi, mtaa ambako Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani. Ana kibanda cha kuuza laini na bando, na nyuma yake chumba cha kompyuta nne. Alinikaribisha kwa salamu ndefu, ya nyumbani, ya safari, ya watoto, nami nikamjibu "poa" kwa kila moja mpaka akaweka mkono kiunoni.

"Baba weye, Kiswahili chenu cha Nairobi kilivunjika mguu wapi?"

"Kiliteleza kwa paa," nikasema, akacheka sana.

Yeye mwenyewe aliniandikia laini. Jioni nikasogea kando ya mlango wa kibanda, nikapiga mlio mmoja kutoka namba ya Burundi. Nikangoja. Barabara ilijaa watu wanaotoka sokoni, kila mmoja anaelekea kwake. Kimya.

Burundi ilinifunza kuliko Rwanda, labda kwa sababu ilifanana zaidi na sisi. Mitaro ipo mjini, minara ipo vilimani, lakini mafuta yakiadimika hata jenereta ya mnara huzimika. Watu hununua bando dogo kabisa, la siku moja au chini yake, na Bi Zaituni anawajua wateja wake kwa ukubwa wa bando zao. Jumatatu, saa nne asubuhi, intaneti ya mji ikafa ghafla. Mimi nikaruka kama niko kazini, nikauliza ngazi iko wapi. Bi Zaituni hakuinuka kwenye kiti.

"Keti, baba. Imekatika mbali, huko kwenu baharini au Tanzania, sijui. Sie hatuna bahari. Kila mtu anakunywa kwanza, kinachobaki ndicho kinatufika."

"Na mnafanya nini?"

"Tunangoja. Tena tunangoja kwa adabu, maana ukitukana bomba halisikii."

Nikakaa. Nikafikiri juu ya Kongo, na nyumba za mwisho kabisa kule mtoni, ambazo mimi huzifikia baada ya wote mvua ikikata waya. Wao nao hungoja kwa adabu. Sikuwahi kuwauliza inakuwaje.

Jumanne jioni nilivunja desturi. Sikutaka tena mlio mmoja. Niliongeza kredo, nikampigia Mwende simu kamili, niseme naye. Ikatoa sauti fupi, ikakata yenyewe. Nikapiga tena. Sauti fupi, ikakata. Mimi ni fundi, sauti hiyo naijua. Wateja huniletea simu zao wakilalamika kuwa fulani hapatikani, nami huwa nawaambia kwa upole kwamba fulani anapatikana sana, ila amekufungia.

Bi Zaituni aliniona nimeegemea ukuta. "Nani huyo anakutesa kila magharibi?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote, Kalekye, paa, chai niliyokunywa kwanza. Sikuwahi kumweleza mtu habari ya ile chai.

"Anaijua namba hii?" akauliza.

"Nani mwingine atampigia kutoka Burundi? Anajua niko huku."

"Basi mwandikie. Chukua simu yangu hii ya kioo, umtumie hata sauti yako."

"Hapana, Bi Zaituni. Mtu akikufungia mlango hutumi jirani akagonge."

"Weye si mlango unaogopa," akasema. "Unaogopa atakachosema akifungua."

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Jumatano jioni nikapiga mlio mmoja tena hata hivyo. Nilijua hautafika. Niliahidi, basi nikapiga.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi la kurudi Nairobi kupitia Tanzania, siku kadhaa kabla ya mpango wangu. Nilimwambia Bi Zaituni ni magoti. Akanifungia samaki mkavu ndani ya gazeti, akasema nimfikishie salamu huyo binti, na kwamba anayekwenda kwao hufika.

Ndani ya basi niliandika ripoti ya kikundi, maana kulikuwa na barabara ya kutosha. Niliandika kwamba nchi hizi si ndogo kama tunavyodhani, na sisi si wakubwa kama tunavyojisifu. Niliandika kwamba tusiuze. Tuiombe kampuni ituruhusu kupitisha nyaya zetu kwenye nguzo zake, tuilipe kodi ya nguzo, nasi tushuke kutoka mapaa ya watu, kama wanavyogawana mtaro kule Kigali. Wao wana nguzo, lakini hawajui nani wa Kongo ana mgonjwa, nani ana mtihani, nani wa mwisho mtoni. Niliandika pia kwamba mvua ikikata waya tuanze kuunga kutoka mwisho, walioko mtoni kwanza. Halafu nikafunga daftari. Nje ilikuwa mbuga tupu ya Tanzania, mbuzi na vumbi, na jioni ikaja ikapita. Sikuwa na laini ya nchi ile na sikuinunua. Nilijiambia nikifika nyumbani nitakuwa mtu wa sufuria ndogo kabisa, nisiyempigia mtu wala kupigiwa. Nililia kidogo, uso nimeugeuzia dirishani. Mama aliyekaa karibu nami alinipa ndizi bila kuuliza.

Ijumaa karibu adhuhuri tulikuwa Namanga. Baada ya kugongewa muhuri nikafungua Biblia, nikatoa laini ya Kenya kwenye karatasi yake ya peremende, nikaitia kwenye kabambe. Ikachukua muda wake. Kisha ikaanza kutetemeka, ikakaa ikitetemeka, ujumbe juu ya ujumbe.

*Baba umefika?*

*Baba mbona uko mteja, hupatikani tangu juzi.*

*Nimeenda kwa Kariuki anasema hana habari yako. Baba tafadhali.*

Wa mwisho ulikuwa wa juzi: *Nimechukua ufunguo kwa jirani yako. Niko Kongo kwa nyumba. Sitoki hapa mpaka urudi.*

Nilisimama kando ya maroli nikausoma huo wa mwisho mpaka herufi zikanichezea machoni. Sikuelewa. Mtu aliyenifungia amekaa nyumbani kwangu akiningoja? Vidole vikafanya vilichozoea: nikapiga mlio mmoja, nikakata.

Simu ikalia papo hapo. Nikaitazama, nikingoja ikate kama kawaida. Haikukata. Ikalia mara ya pili, ya tatu. Mlio wa tatu ni njoo mbio. Nikashika.

"Baba?"

"Niko Namanga."

Kikaja kilio ambacho sikukisikia hata Kitui siku ya mazishi. "Nilidhani umekufa huko! Nilidhani umekufa na mimi ndio nimekutuma na hiyo mdomo yangu! Siku kumi, Baba! Hata flash moja?"

"Mwende, nimekupigia kila siku."

"Usinidanganye. Usithubutu. Kuja tu."

Akakata.

Saa kumi na moja jioni niliingia Kongo. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi, na ndani kulinukia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe kama tunavyopika Kitui. Mwende alisimama katikati ya chumba amevaa kanga ya mama yake, macho yamevimba. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kama anayehakikisha kwamba nimerudi mzima. Kisha akanipokea begi.

"Kaa," akasema. "Sasa niambie tena ile uongo ya kwa simu."

Nikatoa laini mbili mfukoni, ya Rwanda na ya Burundi, nikaziweka mezani. Nikamsomea namba. Akachukua simu yake ya kioo, akaanza kutafuta, uso bado umekasirika. Halafu vidole vikasimama.

"Hii ya kwanza," akasema polepole. "Jumanne. Nilikuwa nimekaa tu nangoja wewe. Ikaingia namba ya nje, ikalia mara moja, ikakata. Nikablock. Nikaendelea kukungoja."

"Kwa nini ukablock?"

Aliinua kidole akaonyesha ukuta wa juu ya meza. Karatasi yangu, kalamu nene, mwandiko wangu mwenyewe, mstari wa mwisho: *NAMBA YA NJE IKILIA MARA MOJA IKAKATA, NI MATAPELI. USIWAPIGIE. WAFUNGIE MARA MOJA.*

Nikausoma mstari huo kama wa mtu mwingine. Nyani haoni kundule. Mtaa mzima wa Kongo nimewafundisha kunifungia, Kariuki akiwemo, na nikavuka mipaka mitano nikilaumu wengine.

Nilitaka kucheka, lakini Mwende hakuwa akicheka. Alikuwa amefungua mahali simu inapoweka orodha ya wale waliofungiwa, simu zao zote zilizogonga bila kulia. Hakuwahi kuifungua kabla ya hapo. Akaanza kusoma kwa sauti, kama anavyowaitia majina watoto wake wa chekechea.

"Jumanne, saa kumi na mbili na nusu. Jumatano, saa kumi na mbili na nusu. Alhamisi. Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu." Akasogeza kidole chini. "Jumamosi hakuna."

"Nililala Muyinga. Sikuwa na mtandao."

"Jumapili. Jumatatu. Jumanne, mara mbili."

"Siku hiyo nilitaka kuongea."

"Jumatano. Na jana hakuna."

"Nilikuwa njiani. Nilikuwa nimekata tamaa."

Akakaa kwenye kitanda changu, simu mapajani. Nje watu walikuwa wakirudi kutoka kazini, na juu ya mabati nyaya zangu zilikuwa zikigongana kwa upepo. Nikamwambia basi, hapo hapo, kabla sijaogopa, kwamba siku ya mama yake nilishuka kutoka paa nikanywa chai kwanza. Nikamwambia kwamba huo ndio mzigo nilioubeba, si paa.

Aliitazama tena ile orodha kwenye simu.

"Ulipiga," akasema mwishowe. "Kila siku ulipiga."

"Nilipiga."

Akainama juu ya simu. Akaifungulia namba ya Rwanda, kisha ya Burundi, moja moja, ingawa sote tulijua laini hizo hazitalia tena. Kisha akainuka, akachukua sahani mbili, akaniuliza nianze na muthokoi au na huyo samaki anayenuka ndani ya begi.